Mbwa Anayeogopa Mawingu

Mbwa wangu ana meno arobaini na mawili na anaogopa mawingu. Meno yalihesabiwa na daktari wa mifugo. Mawingu nimejionea mwenyewe. Akimwona mwizi hubweka mpaka mwizi aombe msamaha. Alimfukuza fahali wa jirani hadi barabara kuu, na fahali ndiye aliyetoa udhuru. Lakini milima ya Nandi ikianza kutia giza kule mashariki, saa nane saa tisa hivi za mchana, huyo shujaa hugeuka uji.

Jina analo, ila ni la mwanasiasa, na mimi sina wakili. Humu nitamwita mbwa.

Sikumnunua. Nilipohamia hii ploti nyuma ya soko la Kibuye, hapa Kisumu, nilimkuta amelala mlangoni. Mpangaji aliyenitangulia alihama na kila kitu, mpaka balbu, akaacha mbwa. Nilimwuliza mwenye nyumba ni wa nani, akaniambia, "Huyo ni wa nyumba." Basi nikakodi vyumba viwili, choo cha ndani na mbwa.

Mwaka wa kwanza uoga wake ulikuwa wa kistaarabu. Radi ikipiga alijisukuma chini ya sinki, akangoja, mvua ikiisha akatoka akajinyosha kama mtu aliyekuwa huko kwa shughuli zake. Sikumsumbua. Kila kiumbe kina haki ya sinki lake.

Kisha mama yangu akaja kutoka Asembo Bay kutibiwa goti. Wiki mbili, alisema. Wahenga wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini wahenga hao hawakuwahi kupokea mgeni mwenye goti bovu ambaye pia ndiye aliyewazaa. Wiki mbili zikawa miezi mitano. Alikuja na kuku wawili, ambao tuliwala, mfuko wa dagaa wa omena, ambao bado tunaula, na sheria zake za radi, ambazo nilizijua tangu nikiwa mdogo na nilidhani nimeziacha kijijini.

Sheria zenyewe ni hizi. Mlima ukitia giza tu, kabla hata ya ngurumo ya kwanza, kioo cha ukutani kinafunikwa kwa leso yake, kanga ya kujifunga. Televisheni inachomolewa, redio inachomolewa, simu inazimwa na kuwekwa kabatini. Sufuria zinageuzwa zisiangalie juu. Kitu chochote chekundu kinafichwa, na mama hakuwa na mzaha: siku moja nilimkuta amefunika nyanya kwa taulo. Mimi nauza sweta za watoto za mtumba, na katika kila bale nusu ni nyekundu. Mara ya kwanza mvua ilipotukuta na bale sebuleni, alilifunika kwa blanketi mbili, akakaa kando yake kama anayelinda maiti. Mwisho wa yote ni kunyamaza. Unakaa katikati ya chumba, mbali na ukuta, mbali na mlango, na huongei, kwa sababu polo inasikia. Polo ni mbingu, na pia ni radi. Kwa Kijaluo hatukuona haja ya kuvitenganisha.

Mimi ni mtu mzima. Nimewahi kumfukuza askari wa soko kwa mwavuli. Lakini mama akininong'oneza nisogee mbali na ukuta, nilisogea, tena haraka, na sikuuliza kwa nini.

Ni katika miezi hiyo mbwa alianza kuharibika. Sinki halikumtosha tena. Alikuwa akitetemeka kabla hata tone la kwanza halijaanguka, anakwaruza mlango, anatoa povu, na ukimfungulia anapiga mbio moja kwa moja bila kuangalia kilicho mbele. Mimi nililaumu mvua. Nilimwambia kila mtu pale sokoni kwamba mvua za siku hizi zina kichaa.

Mara mbili alipitia mlango wa banda la kuku la mwenye nyumba. Mara ya tatu alipitia mlango wa mwenye nyumba mwenyewe. Ilikuwa Alhamisi, na mke wa mwenye nyumba alikuwa amewaalika kina mama wa ushirika kwa maombi. Mbwa aliingia kupitia jikoni, akatafuta mahali penye giza, akajisukuma chini ya meza ya chapati na kuinuka nayo. Naambiwa mwenyekiti wa kina mama alipanda kochi akiwa bado anaomba. Maombi hayakukatika, yalibadilika mada tu.

Mwenye nyumba alikuja mvua ilipoisha. Ni mzee wa duka la hardware, alihamia Kisumu kutoka upande wa Nyeri kabla mimi sijaota meno, na kwa haki ya Mungu ni mtu mpole. Alivua kofia, akanielekea mimi.

"Mama, mimi sio mtu mbaya," alisema. "Lakini hii kitu imevunja mlango ya kuku mara mbili, na sasa imeingia kwa maombi. Akitoka tena na mvua, namtafutia mahali. Kuna rafiki yangu huko Bondo ako na shamba. Anataka mbwa ya kufunga kwa mti, ilinde mahindi."

"Mzee, hatatoka tena," nilisema, kama mtu anayejua anachosema.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, ameegemea fimbo. Mzee alipoondoka, mama akamwangalia mbwa, mbwa akaangalia sakafu.

"Aende," mama alisema. "Mbwa ni kitu ya nje. Tangu lini mbwa ikakaa kwa nyumba kama shemeji?"

Nitaliandika hapa wazi, kwa sababu kwetu mtu mzima halisemi: nilimpenda huyo mbwa. Watoto wangu wako Nairobi na hupiga simu wakikumbuka. Mbwa ndiye pekee aliyekuwa akisimama nikirudi kutoka sokoni. Na nilimfikiria amefungwa kwa mti huko Bondo, mawingu yanakuja, na hana hata sinki.

Basi nikaanza uganga.

Mwuza dawa za mifugo wa agrovet alinishauri nimvalishe kitu cha kumbana kifua, eti hata mtoto mchanga ukimfunga vizuri hutulia. Nilikuwa na bale zima la vitu vya kubana. Nikamchagulia sweta ya umri wa miaka sita, ya kijani, yenye picha ya kulungu wa Krismasi. Nilimpeleka nayo Kibuye ili aizoee, na wenzangu wakaniuliza kama nimemfungulia nursery. Mbwa alisimama ndani ya ile sweta bila kupepesa jicho, kama shemasi anayengoja kupigwa picha, nami nikaona nimeshinda. Mvua iliyofuata alikimbilia mlango na sweta yake, ikabidi nimkumbatie sakafuni, mguu wangu mmoja umekanyaga mlango, mpaka mawingu yakapita. Mama alitutazama kutoka katikati ya chumba. Alikuwa amefunga mdomo kwa ajili ya polo, lakini macho yalisema yote.

Nilijaribu pamba masikioni. Aliila. Rafiki yangu wa kwaya alileta mafuta ya maombi, tukampaka kwenye paji la uso. Aliyalamba na kuomba mengine.

Mwishowe nikaenda kwa daktari wa mifugo, mama mmoja wa gumboots asiye na mchezo, ndiye aliyehesabu meno. Akaniambia, "Tafuta sauti ya radi kwa simu. Anza chini chini, huku unampa kitu tamu. Kila siku unapandisha kidogo. Atazoea." Nikamwuliza kama hiyo inafanya kazi. Akasema inafanya kazi kwa mbwa, kwa wenye mbwa hajui.

Jumanne mama alikwenda kliniki ya goti na mpwa wangu. Jua lilikuwa kali, ziwa huko chini linang'aa kama bati. Nilikata maini vipande vidogo, nikafungua sauti ya radi kwenye simu, chini chini. Mbwa akala ini. Nikapandisha. Akala. Nikapandisha tena mpaka mwisho, nikaunganisha na spika ninayotumia kuita wateja sokoni, na nyumba nzima ikanguruma. Jirani alitoka mbio akaanua nguo. Mbwa aliinamisha kichwa upande mmoja, akaona ini limeisha, akalala.

Nilijipongeza. Nilijiona daktari. Sikujiuliza swali hata moja, kwa mfano, ni vipi mnyama aliyekula mlango wiki iliyopita amepona kwa nusu kilo ya maini.

Kesho yake nikarudia, nikitaka kuthibitisha. Mama alikuwa amejinyosha chumbani kwake. Ngurumo ya kwanza ikatoka kwenye spika, mbwa akala. Ya pili, akala. Kisha mlango wa chumba ukafunguka na mama akatoka, usingizi bado machoni, leso mkononi, akaenda moja kwa moja kwa kioo.

Mbwa aliacha ini. Nataka mnielewe: aliacha ini sakafuni. Masikio yakarudi nyuma, mkia ukapotea, na miguu ikaanza kutetemeka mpaka kucha zikawa zinagonga sementi. Nilizima spika. Nyumba ikawa kimya, dirishani kuna jua tupu, na mbwa bado anatetemeka akiangalia leso.

"Mama," nilisema, "toa hiyo leso."

"Polo inanguruma."

"Si polo, ni simu yangu. Toa leso."

Akaitoa. Mbwa akameza mate. Baada ya dakika mbili tatu akalirudia ini lake.

"Sasa funika tena."

"Wewe una wazimu?"

"Funika tu, Mama."

Akafunika, na mbwa akaingia chini ya kiti changu, akataka kuingia chini ya sakafu.

Kikulacho ki nguoni mwako, na chetu kilikuwa na maandishi ya mafumbo pindoni. Mimi na mama tulikuwa tumemfundisha. Kila mlima ulipotia giza aliona watu wawili wazima, ambao ndio wanaomlisha, wakikimbia huku na huko kufunika kioo, kuficha nyanya, kunong'ona, kisha wakikaa katikati ya chumba kama wanaongoja hukumu. Na mbwa si mjinga. Kama hawa wenye funguo wanaogopa hivi, yeye ni nani asikimbie?

Nilimweleza mama hayo yote. Labda niliyaeleza kwa furaha kupita kiasi.

"Unasema mimi ndio nimefundisha mbwa uoga?"

"Sisi wawili. Mimi pia nilifunika sufuria."

"Yawa! Nimekaa na radi miaka sabini na tatu. Mbwa imekaa na radi miaka ngapi?"

"Mama, mvua moja tu. Tuache kioo wazi, tuongee, tukae kama watu. Akitulia, atabaki. Akitoka, anaenda Bondo."

"Nyathina, mwanangu, polo haitaniwi. Dada yangu ilimuua kama unaona hivi." Akapiga kiganja kwa kiganja. "Mbwa aende."

Hilo la dada nililijua, kwa maana ya kulijua tu. Dada yake alipigwa na radi wakiwa wasichana, na mimi nina jina lake. Ndivyo tunavyofanya, aliyekufa hurudishwa kwa mtoto. Zaidi ya hapo mama hakuwahi kusimulia, na mimi, ninayeuliza bei ya kila kitu, sikuwahi kuuliza. Usiku huo nililala nikiwa nimekasirika. Nilifikiria kumrudisha Asembo na goti lake. Watu wema hawasemi hadharani kwamba wamewahi kupima mama yao na mbwa kwenye mzani mmoja, lakini mimi nilipima, na mzani haukwenda upande mliotarajia.

Siku nne hakukuwa na mvua. Jumatatu, saa nane na nusu, milima ya Nandi ikatoweka gizani. Jumatatu huwa siendi sokoni kwa sababu Jumapili ndiyo siku kubwa ya Kibuye na miguu yangu inajua. Nilikuwa jikoni nikiwa na fungu la mboga ya managu mkononi. Upepo ulibamiza geti. Niliangalia nje nikamwona mwenye nyumba amesimama barazani kwake na mwavuli, ametazama mlango wetu. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anangoja tu, kama mtu anayengoja matokeo ya mtihani wa mtoto wa mwingine.

Nikarudi sebuleni. Mama alikuwa ameshasimama mbele ya kioo na leso. Mbwa naye alikuwa amesimama, mate yanaanza kudondoka. Nikaweka mgongo wangu kwenye mlango.

Mama aliishika ile leso muda mrefu. Kisha akajifunga nayo kiunoni, akavuta kiti, akakiweka palepale chini ya kioo, akakaa.

"Huyo mzee alisema watamfunga kwa mti?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Kiumbe haifungwi kwa mti na mvua ikinyesha." Akanyoosha mkono. "Leta hiyo mboga. Na sufuria. Na usisimame hapo kama polisi."

Nikamletea managu na sufuria. Nikakaa mkabala naye. Radi ya kwanza ikapiga upande wa Kondele, mabati yakatetemeka, na mama akaanza kuongea. Si kunong'ona. Aliongea kwa sauti ya kuuzia samaki ufukweni.

"Dada yangu alikuwa mwongo!" alisema. "Watu wakifa mnawafanya malaika. Huyo alikuwa mwongo na mwizi. Sukari guru ya mama alikuwa anakula, anapaka paka mdomo, anasema ni paka."

Mbwa alimtazama. Mimi pia. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mama akiongea radi ikipiga.

"Na kuimba! Aliimba kama mbuzi imefungiwa. Kanisa yote inageuka. Yeye anadhani wanampenda."

Nilicheka, na sikujilazimisha. Radi ikapiga karibu zaidi, stima ikapotea, mvua ikashuka juu ya mabati kwa kishindo kiasi kwamba mama alilazimika kupiga kelele, naye akapiga kelele. Alisimulia walivyogombania nguo moja ya Krismasi mpaka ikapasuka na kila mmoja akavaa nusu. Alisimulia jinsi dada yake alivyomwuma sikio. Mbwa alizunguka mara tatu. Akatazama kioo, ambacho kilikuwa wazi, kikiwaka kila umeme ulipomulika. Akatazama mlango. Kisha akajiangusha sakafuni katikati yetu kwa pumzi ndefu, akaweka kidevu juu ya miguu yake.

"Siku hiyo ndama ilikuwa imefungwa kwa mti," mama aliendelea, kwa sauti ileile ya samaki. "Baba akauliza ni zamu ya nani kuifungua. Ilikuwa yangu. Mimi nikajifanya nimelala. Yeye alijua silali. Alinifinya hapa," akaonyesha mkono juu ya kiwiko, "akaniambia nitalipa. Akaenda."

Mvua ilijaza nafasi aliyoiacha.

"Hakuwa mtu mzuri," mama alisema. "Lakini alienda."

Nje, mwenye nyumba alipaza sauti kutoka barazani kwake: "Mama! Ako ndani?"

"Ako!" mama alimjibu, kabla mimi sijafungua mdomo. "Amelala! Mwambie mtu wa Bondo atafute mbwa ingine!"

Na ni kweli alikuwa amelala. Alikuwa anakoroma. Nilimgeukia mama nikitaka kumwambia aone, tumeshinda, na hapo ndipo nikaiona sufuria. Ilikuwa imejaa vijiti vya managu. Majani yote, mazuri, laini, yalikuwa sakafuni kuzunguka kiti chake. Tangu ngurumo ya kwanza alikuwa akichambua mboga kinyume, akitupa majani na kuweka vijiti, na vidole vyake vilikuwa vikitetemeka kiasi kwamba hata vijiti vyenyewe vilikuwa vimekatika vipande vipande.

Niliona aibu. Nilikuwa nimemnunulia mbwa maini, nimemvalisha sweta, nimemtafutia daktari. Mama yangu ameogopa tangu alipokuwa msichana wa kufungua ndama, ameogopa mbele yangu kila msimu wa mvua tangu nizaliwe, na mimi nilidhani hizo ni sheria.

Nilisogeza kiti changu, kikakwaruza sakafu, nikakiweka kando ya chake mpaka bega langu likagusa lake. Nikamshika mkono. Radi ikapiga, kubwa kuliko zote, na mbwa hakufungua hata jicho.

"Usinishike kama mgonjwa," mama alisema.

Lakini hakusogea.